Krosova ndogo kwa njia za Utawala: Raize, Vezel au CX-3?

MwalimuWaUtawala

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuishi na magari haya, si wa wale walioyaona yakiwapita tu barabarani.

Mimi ni mwalimu, naishi mtaa wa Utawala, Nairobi, na ninafundisha Kasarani. Kwa miaka sita nimeendesha Vitz ambayo haijawahi kunilaza njiani, lakini sasa imechoka, nami nimechoka nayo. Kutoka lami hadi langoni kwangu ni kilomita mbili hivi za murramu, na mita mia tatu za mwisho ni ule udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunata kwenye matairi mpaka gari huonekana kama limevaa viatu vya mtu mwingine. Njiani kuna matuta manne ambayo wakazi waliyajenga wenyewe bila kumuuliza mtu, na tukiwa watu wanne ndani, Vitz hukwaruza tumbo kwenye matatu kati yake.

Siku za kawaida tunakuwa mimi na watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa minne ambaye bado anatumia kiti chake cha mtoto. Mara moja kwa mwezi mama mkwe hutoka Murang'a kuja kliniki, na magoti yake hayamruhusu kuinama sana wala kupanda juu. Mume wangu anafanya kazi Naivasha, kwa hiyo mwisho wa mwezi sisi ndio tunaomfuata. Tena maji ya mfereji yakikatika, ambalo si jambo la ajabu huku kwetu, hubeba mitungi sita ya lita 20 pamoja na mtungi wa gesi wa kilo 13.

Bajeti ni shilingi milioni mbili na nusu, bima ikiwemo, na haitaongezeka hata senti kwa sababu ni mkopo wa chama cha ushirika. Nimebakiza majina matatu: Toyota Raize, Honda Vezel na Mazda CX-3. Swali langu ni hili: je, hizi krosova ndogo zina manufaa ya kweli kwa mtu wa maisha kama yangu, au ni Vitz ileile iliyoinuliwa bei?

Mpanda_Milima

Mwalimu, shikamoo kwa matuta hayo. Nina Raize ya lita moja kwa mwaka wa pili sasa, na nitakueleza mazuri na mabaya yake.

Raize si gari refu kuliko Vitz kwa kiasi cha kukutisha. Ni milimita 3,995 kutoka bampa hadi bampa, na hukata kona ndani ya nusu kipenyo cha mita 4.9 au 5.0 kutegemea ukubwa wa rimu, kwa hiyo kwenye maegesho ya sokoni utaigeuza pale ambapo wenzako wanarudi nyuma mara tatu. Kinachobadilika ni tumbo. Kimo chake kutoka ardhini ni milimita 185, wakati CX-3 ina 160 tu ingawa kwa macho inaonekana imeinuka. Zingatia kwamba vipimo hivyo huchukuliwa gari likiwa tupu. Ukiketisha watu wanne na kuweka maji nyuma, springi hushuka, na gari lenye 160 linaweza kukurudisha palepale unapolalamikia Vitz. Ndiyo maana mimi husema mtu asinunue krosova kwa kuangalia urefu wa matairi na plastiki nyeusi iliyozunguka milango. Apige magoti achungulie chini.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalizungumzi hapa Nairobi, ni hewa. Tuko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kimo. Piga hesabu: injini ya kawaida ya lita 1.5 unayoisoma kwenye karatasi ya Japani si ile unayoiendesha huku. Injini ya Raize yangu ni ndogo, sentimita za ujazo 996 na silinda tatu, lakini ina tabo inayosukuma hewa ndani, kwa hiyo haiumizwi sana na kimo hicho. Ninapotoka Mai Mahiu kupandisha ile miteremko kuelekea Limuru nikiwa na watu wanne, haikimbii, lakini haikati tamaa. Husimama nyuma ya lori na kuweza kulipita nafasi ikipatikana.

Mabaya: silinda tatu hutetemeka gari likisimama kwenye taa, na siku za kwanza nilidhani kuna bushi iliyokatika. Kiti cha nyuma kinawatosha watu wawili. Wa tatu atakaa, lakini atakumbuka. Upana wa gari zima ni milimita 1,695, kwa hiyo usitarajie kiti cha mtoto, mtoto mwingine na mtu mzima wakae pale kwa raha hadi Naivasha. Buti ni lita 369, zikiwemo zile za kishimo kilicho chini ya sakafu, nacho ndicho kinachoificha mizigo yangu isionekane kutoka nje.

Fundi_Kariobangi

Nimesoma swali lako mwalimu, nami nitazungumza kama mtu anayeyafungua magari haya, si anayeyauza.

CX-3 nyingi zilizoingia kutoka Japani ni za dizeli, kwa sababu gari hilo lilipoanza kuuzwa kwao mwaka 2015 lilikuwa na injini moja tu, ya dizeli ya lita 1.5, ile ya petroli ya lita 2.0 ilifuata 2017. Injini ya dizeli ni nzuri sana ikiwa barabarani. Tatizo ni kwamba ina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuchoma masizi wakati injini imepata moto wa kutosha na inakwenda kwa mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa. Sasa wewe unatoka Utawala saa kumi na mbili asubuhi, unaingia kwenye foleni ya Eastern Bypass, unafika Kasarani, unazima. Gari huanza kujisafisha, halafu unalikatiza. Kesho vilevile. Baada ya miezi, taa inawaka kwenye dashibodi, nguvu zinapungua, na mafuta ya injini yanaongezeka kwenye kijiti cha kupimia kwa sababu dizeli ya ziada imeshuka humo. Mwaka jana nililetewa moja na mama aliyekuwa amelinunua kwenye yadi ya magari wiki tano tu kabla ya hapo. Nilipofungua njia ya kuingizia hewa, masizi yalikuwa yamekaa kama lami, na tundu ambalo ningeingiza kidole gumba halikuruhusu hata kalamu. Muuzaji alimwambia taa ile ni ya kukumbusha huduma.

Kwa mtu anayekwenda Nakuru na kurudi kila wiki, CX-3 ya dizeli ningemruhusu. Kwako wewe, hapana. Ile ya petroli ya lita 2.0 haina ugonjwa huo, ila injini yake imevuka 1,500, na ushuru wa bidhaa hapo ni asilimia 25 badala ya 20, nao unaongezwa juu ya ushuru wa forodha kabla ya VAT kuhesabiwa. Tofauti hiyo utaiona kwenye bei.

Vezel ni magari mawili yenye sura moja. Ya petroli, ya lita 1.5 na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ni gari la amani ukiibadilishia mafuta ya giaboksi kwa wakati na kutumia yale yaliyoandikwa na mtengenezaji, si yale ambayo kijana wa duka atakuambia yanafanana. Ya haibridi (petroli na umeme) ya kizazi cha kwanza ina giaboksi ya klachi mbili kavu, yaani zisizopozwa kwa mafuta, na klachi kavu haipendi foleni ya kutambaa. Huko kwao Japani yaliitwa kurekebishwa mwaka 2014 kwa ajili ya programu ya giaboksi hiyo. Wapo wanaoiendesha bila shida, na kwa mafuta inabana kweli, lakini likianza kuruka na kusita kwenye mwendo wa mguu, jiandae.

NaniAliyekwambiaKrosova

Mwalimu, nakusalimu. Mitungi sita ya maji ni kilo 120, mtungi wa gesi juu yake. Unachohitaji ni Toyota Fielder, stesheni wagoni. Buti lake linameza vyote hivyo bila kukunja kiti, kila fundi anazijua, na vipuri vyake viko Kirinyaga Road hata siku za sikukuu. Tofauti ya fedha nunua springi na shokomzoba bora. Krosova ndogo ni mtindo.

Mpanda_Milima

Ndugu yangu, Fielder siibezi, nimeimiliki. Lakini ukitoa udongo mweusi na matuta kwenye swali la mwalimu umebadilisha swali. Ukiinua Fielder kwa springi ngumu, mama mkwe ndiye atakayelipa kwa mgongo wake. Pamoja na hayo, hoja yako ya uzito ina maana: siku ya maji isiwe siku ya abiria. Hakuna gari kati ya haya matatu linalopaswa kubeba watu watano na kilo 120 kwa pamoja.

MwalimuWaUtawala

Asanteni sana nyote. CX-3 nimeiondoa. Nina jambo moja linalonitia wasiwasi juu ya Raize: nilisikia kwamba Daihatsu, ambao ndio wanaoiunda, walikamatwa wakidanganya kwenye majaribio ya usalama. Je, mnaiona kuwa sababu ya kuiacha?

Fundi_Kariobangi

Ni kweli, na si uvumi. Desemba 2023 Daihatsu walisimamisha kupeleka sokoni magari yao yote baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba majaribio yalikuwa yamechezewa kwa miaka mingi, na hata kabla ya hapo, Mei mwaka huohuo, Raize ya haibridi ilikuwa imesimamishwa kwa sababu ya jaribio la kugongwa ubavuni. Serikali ya Japani ilipoyapima upya, ilifuta idhini ya malori madogo matatu, na Raize haimo. Mimi nisingeiacha kwa hilo, ingawa ningechukua ile ya petroli.

Ukienda kuliangalia, fanya mambo mawili. Liwashwe likiwa baridi mbele yako. Ukifika ukakuta boneti tayari ina joto, waambie utarudi kesho. Kisha inua sakafu ya buti. Magari mengi ya Japani ya siku hizi hayana tairi la akiba, yana kopo la dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo, na dawa hiyo haitakusaidia lolote tairi likipasuka ubavuni kwenye murramu saa mbili usiku.

MwalimuWaUtawala

Narudi na habari, maana si vizuri mtu kuomba ushauri akatoweka.

Jumamosi nilikwenda yadi moja ya Ngong Road nikiwa na watoto, mama mkwe na mitungi miwili mitupu ya maji. Kijana wa pale alicheka alipoiona mitungi, lakini alituvumilia.

Tulianza na Vezel ya petroli. Kwa nafasi, haina mpinzani kati ya hizi mbili. Tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo makalio ya kiti cha nyuma hukunjwa juu kama kiti cha ukumbini, na pale chini mitungi ikasimama wima, na nafasi ikabaki. Mama mkwe alikaa mbele bila kuinama wala kupanda; aligeuka tu na kuketi, kisha akavuta miguu ndani. Nilidhani mambo yameisha. Halafu mtoto wangu wa miaka tisa akazunguka gari akitafuta kitasa cha mlango wa nyuma. Kimefichwa juu, kwenye kona ya dirisha, na ilimbidi aruke ili kukifikia. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka, na mimi nikajiona shuleni asubuhi, mvua ikinyesha, honi zikilia nyuma yangu. Bei nayo ilivuka bajeti kwa laki tatu na nusu, na kijana hakushuka.

Raize ilikuwa na kitasa mahali pa kitasa. Mitungi miwili iliingia kwenye buti kwa urefu wake, na kwa kukadiria kwa shubiri zangu, kukunja upande mmoja wa kiti cha nyuma kutatosha kwa ile minne mingine. Mama mkwe alisema mlango wa mbele unafunguka vizuri ila kiti cha Vezel kilimfaa zaidi, na nimelisikia. Kwa nyuma, nilikaa mwenyewe kati ya kiti cha mtoto na yule mkubwa, bega langu likawa juu ya bega lake. Hadi Naivasha tukiwa na mama, mimi ndiye dereva na yeye atakaa mbele, kwa hiyo katikati hapatakaliwa na mtu isipokuwa siku tutakayorudi na mume wangu. Siku hiyo ni ya saa mbili kwa mwezi, na ameniambia kwa simu kwamba atavumilia.

Boneti niliigusa nilipofika, nayo ilikuwa na joto. Niliinua sakafu ya buti, nikakuta kopo na pampu. Nimewaambia nitarudi Jumatano saa mbili asubuhi, wasiliwashe, na bei ya tairi la akiba na jeki itoke kwao. Fundi, ukiwa na nafasi siku hiyo, tuwasiliane faraghani nikulipe muda wako.

Fundi_Kariobangi

Jumatano naweza. Njoo na tochi, na uvae nguo utakayoweza kulalia chini.