Feni nne za kesi ya kompyuta zielekee wapi kwa joto hili la Mombasa?

MpigaHarusi_Majengo
Asalaam aleikum wajuzi. Nahariri video za harusi kwa kompyuta ya mezani. Chumba hakina AC, pangaboi tu, na tangu Kaskazi ianze kuvuma prosesa inafika digrii 96 nikitoa video nzima, kisha kasi inaanguka. Kesi ina feni nne za milimita 120: mbili mbele zinaingiza hewa, moja nyuma na moja juu upande wa mbele zinatoa. Nimeshauriwa zote nne zitoe nje, eti kwa sababu mji huu ni wa joto. Nigeuze?

Fundi_Kisauni
Waaleikum salaam ndugu yangu. Usigeuze! Zikitoa zote, kesi itavuta hewa kwa kila ufa, na kwenye nyufa hakuna chujio. Vumbi la huku pwani lina unyevu na chumvi. Likishika kwenye mapezi ya kipoza prosesa linaganda, hata ukipuliza halitoki. Acha zinazoingiza ziwe na nguvu kidogo kuliko zinazotoa, na machujio ya mbele yaoshe mara kwa mara.

Ninayoishuku ni hiyo ya juu. Pale mbele inainyakua hewa iliyoingia sasa hivi na kuitoa kabla haijafika kwenye prosesa. Isogeze nyuma, usawa wa kipoza. Kama hakuna matundu ya skrubu huko, ing'oe kabisa, utabaki na tatu zinazofanya kazi. Watu hubishana sana kwamba hewa moto hupanda yenyewe. Hupanda, ila ndani ya kesi feni ina nguvu zaidi, hilo lisikusumbue.

Feni ya kawaida huvuta kwa upande ulio wazi na kutoa kwa upande wenye mikono inayoshika mota. Angalia na ya kipoza chenyewe, isukume hewa kuelekea ile ya nyuma.

Ukitaka kuona kwa macho, funga kesi, washa kijiti cha udi, kisogeze mbele halafu nyuma. Mbele moshi unaingia, nyuma unafukuzwa. Majivu yasidondokee ndani tu.

BintiLikoni
Yangu ina feni sita na bado inachemka. Iko ndani ya kabati la meza.

Fundi_Kisauni
Dada, itoe kabatini leo. Feni sita hapo zinazungusha hewa moto ile ile. Na nyuma ya kesi iachie nafasi ya kutosha, isigusane na ukuta.

MpigaHarusi_Majengo
Nimeisogeza ya juu, sasa inasimama 88. Lakini jamaa wa Nairobi mwenye mashine kama yangu anapata 78!

Fundi_Kisauni
Chumba chake kina digrii ngapi? Feni haiwezi kushusha joto chini ya hewa inayoivuta. Chumba kikizidi digrii 10, na prosesa itazidi karibu hizo hizo. Usijipime kwa mtu wa Nairobi.

88 kwa kazi nzito si mbaya, prosesa nyingi huanza kujipunguza kasi kati ya 95 na 100. Sasa ingia BIOS, ile mipangilio ya msingi unayofungua kompyuta ikianza kuwaka, feni zianze kukaza mbio mapema, kama kwenye 60. Pesti ya prosesa, ile inayopakwa kati yake na kipoza, ikiwa ni ya miaka mingi, ifute upake mpya. Feni za ziada usinunue, pesa hiyo weka kwa kipoza kikubwa zaidi.