Zaka ya matabishi: kanisa liipokee au liirudishe?

Baba wa Himbi: Ndugu zangu wa Goma, naomba mawazo yenu. Mwezi uliopita parokiani kwetu ilitangazwa kwamba muumini mmoja ametoa mifuko 50 ya saruji kwa ajili ya ukuta. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikapiga makofi. Siku tano kabla ya hapo nilisimama mbele ya meza yake ofisini, na hakuigonga muhuri karatasi yangu mpaka nilipotoa matabishi, yaani hongo kidogo. Sadaka ya namna hiyo, kanisa liipokee au liirudishe?

Mimi nasema liirudishe. Kwetu hapa sala hazipungui. Mikesha ipo, novena zipo, rozari zinaning'inia ndani ya magari. Lakini kijana wa mji huu huu, Floribert Bwana Chui, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Walimpa fedha aachilie mchele ulioharibika upite. Akakataa, maana ungeliwa na watu. Mwezi wa 7 mwaka 2007 wakamteka, wakamuua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa 6 mwaka 2025, kule Roma, Kanisa likamtangaza mwenye heri. Imani yake ilionekana pale pale kazini, penye karatasi na mihuri. Sasa tunamwomba atuombee, na papo hapo tunaishangilia saruji ile?

Mama wa Ndosho: Baba, pole, lakini hapo sikufuati. Yesu alimwambia Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Alisema hivyo kabla Zakayo hajarudisha hata franga moja. Ukimrudishia huyo mtu saruji yake, kesho hutamwona tena misani, na nani atamwambia ukweli? Tena uliza mshahara wake wa mwisho ulifika lini.

Baba wa Himbi: Mama, Yesu alimpokea mtu. Hakuna mahali tunaposoma kwamba aliipokea mali yake.

Mama wa Ndosho: Na siku hiyo aliyoshinda kwake alikula nini? Chakula kile kilinunuliwa kwa fedha gani?

Muuzaji wa Birere: Mimi ni Mprotestanti, kwetu tunaita fungu la kumi. Mnamzungumzia anayepokea tu. Mimi ndiye ninayetoa. Navuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière na mzigo wangu wa nyanya, natoa kidogo ili nisicheleweshwe zikaoza, jioni naimba kwaya. Pasta wangu hajawahi kuniuliza. Fungu langu nalo lirudishwe? Nina watoto wanne, jamani.

Baba wa Himbi: Mama, swali la chakula cha Zakayo limenishinda, nimelilalia siku mbili. Naona nilikimbilia saruji kwa sababu mtu mwenyewe namwogopa. Na wewe ndugu wa Birere umenishika pabaya: mimi pia nilitoa, nikajiona mwenye haki kuliko yeye. Ila neno moja siliachi. Tusitangaze jina na kupiga vigelegele wakati tunajua. Isaya aliwaambia watu wa Yerusalemu kwamba Mungu amechoka na matoleo yao, wajifunze kwanza kumtetea yatima na mjane. Mjane mmoja wa shirika letu anasubiri muhuri kwenye meza ile ile.

Jumamosi kuna salongo, kazi ya pamoja ya kujenga ukuta. Kabla ya hapo nitapita nyumbani kwa yule mtu wa saruji, peke yangu. Mnaonaje, nianze na lipi: matabishi yangu au karatasi ya yule mjane?