Land Rover ya baba: nichonge injini yake au nifunge nyingine?

Mwana_Mikindani:
Habari za jioni wakuu. Marehemu baba aliniachia Land Rover Series III ya 1976, injini ya petroli ya lita 2.25. Ndiyo iliyoshusha korosho zetu kutoka Newala miaka yote. Sasa inakula oili, nikienda Lindi na kurudi naongeza lita nzima, na nikipandisha mlima moshi wa bluu unafunika njia. Nimetajiwa bei tatu: kuchonga injini yake (kupanua silinda) na kuweka pistoni na ringi mpya, milioni 2.8; injini ya dizeli ya Toyota 3L ya mtumba kutoka Gerezani, milioni 3.5; injini ya dizeli ya Land Rover 200Tdi iliyotolewa kwenye Discovery, milioni 5. Kuiuza sitaki kabisa.

Mkulima_Nachingwea:
Pole na msiba, ndugu. Mimi nilifunga 3L. Mafuta inakula kidogo na spea sihangaiki. Ila hiyo 3.5 ni ya injini tu. Haikai kwenye gia boksi ya Land Rover bila sahani ya kuunganishia, na yangu ilichongwa vibaya, haikukaa katikati, ikala beringi ya shafti. Tukashusha gia boksi upya. Weka maunting za kuchomelea, rejeta, egzosi, waya. Nilimaliza karibu milioni 6.

Fundi_wa_Lindi:
200Tdi ni ukoo mmoja na 2.25 yako, inashika gia boksi ileile ukitumia hauzingi yako ya flaiwili (kava la gurudumu zito nyuma ya injini). Ya Discovery tabo (turbo) yake iko chini, inagombana na chesisi. Ya Defender imekaa juu. Lakini hiyo ya Discovery ina nguvu farasi 111, yako 70 hivi, na breki ni zilezile za dramu. Tena kwa difu zako za uwiano wa 4.7, ukifika kilomita 80 kwa saa injini inazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Utatafuta difu nyingine, hela nyingine.

Mdogo wangu, huyo fundi wa milioni 2.8 amefungua injini? Kama hajafungua, amekisia. Krankishafti ya mwaka wako ina beringi kuu tatu (tano zilikuja 1980), na kama imeshachongwa sana utahangaika kupata metali (beringi zake) za saizi yake. Kwanza pima kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda). Silinda iliyo chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ni ringi au silinda. Isipopanda, angalia vali.

Mama_Wawili_Masasi:
Na kadi, kaka. Ina namba ya injini na aina ya mafuta. Ukihamia dizeli lazima TRA wabadilishe, kwa hiyo dai karatasi kwa muuzaji kabla hujatoa hela. Shemeji yangu alinunua bila karatasi, gari likakaa uani miezi minne na msimu wa korosho ukampita.

Mwana_Mikindani:
Ahsanteni sana. Nimepima leo asubuhi. Silinda tatu ziko psi 115 hadi 120, ila ile ya tatu kutoka mbele iko 70. Nikamimina oili, ikapanda hadi 105.

Fundi_wa_Lindi:
Basi ni ringi au silinda. Fungua, krankishafti ipimwe kwa maikromita mbele yako, ndipo mzungumze bei.

Mwana_Mikindani:
Jumamosi tunashusha hedi. Nitaleta vipimo hapa.