Fomu mbili za kupima corona kutoka shule ya mtoto (Uingereza), nisaini ipi?

mama_wa_wawili – 10 Machi 2021

Wakuu habari za usiku. Nipo huku Midlands, kijana wangu yupo mwaka wa tisa sekondari, shule zimefunguliwa juzi Jumatatu tarehe 8 na mimi nikashukuru Mungu maana tangu Januari alikua ananimalizia mikate tu humu ndani. Sa leo kaja na bahasha ina fomu MBILI. Ya kwanza ni vile vipimo vya haraka, wanapimwa mara tatu shuleni alafu wanapewa boksi wajipime nyumbani mara mbili kwa wiki. Hiyo naielewa, mie mwenyewe nafanya kazi nyumba ya wazee napimwa mpaka pua imezoea.

Hii ya pili ndo inanichanganya. Wanasema ni utafiti wa maambukizi mashuleni, unafanywa na ofisi ya takwimu ya taifa (ONS) pamoja na chuo cha afya cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, wanataka kijiti cha puani NA mate ya mtoto, hata kama ni mzima kabisa haumwi. Na walimu nao wanapimwa, wao wanatobolewa kidole. Baba yake kaiona kaitupa pembeni anasema watoto wetu sio panya wa maabara. Mimi naogopa vitu viwili, hayo mate yanaenda wapi na wanayatumia kufanyia nini, na pili wakimkuta nayo si ndo tunafungiwa nyumba nzima siku 10, shifti zangu nani atanilipa? Mwenye uelewa anisaidie, wanataka fomu irudi kabla ya wiki ijayo.

kaka_wa_kariakoo – 10 Machi 2021

Dada yangu usisaini kitu. Asiyepimwa hana corona 😂 Bongo tuliacha kutangaza namba tangu Aprili mwaka jana, ikaishia 509, na maisha yanaenda.

nesi_wa_zamu – 10 Machi 2021

@kaka_wa_kariakoo hiyo ni namba kugoma sio ugonjwa kugoma, usimpotoshe mwenzio.

Dada, hizo fomu zinafanana ila kazi zake tofauti kabisa, na wazazi wengi wanazichanganya kwa sababu shule zimezituma kwa pamoja. Kipimo cha haraka kinamtafuta MTU, yaani fulani anayo au hana, akiwa nayo abaki nyumbani asiwaambukize wenzie. Huu utafiti unatafuta KIASI, yaani katika kila wanafunzi na wafanyakazi mia waliokuja shule leo wakijiona wazima, wangapi wanatembea nayo. Hilo swali hospitali haiwezi kulijibu maana sisi tunamuona aliyezidiwa tu, na watoto wa umri huo wengi wanapita nayo bila hata kikohozi.

Duru ya kwanza walifanya Novemba 2020. Walipata asilimia 1.24 ya wanafunzi na asilimia 1.29 ya wafanyakazi wanayo, na hao wote ni watu waliokuwepo shuleni siku hiyo. Kama mmoja kwenye kila themanini. Chukua shule ya wanafunzi 1,200 ni kama watoto 15 wapo korido wanacheka na wenzao na hakuna anayejua, hata wao hawajui. Ila hapo kuna mtego mmoja ambao magazeti yaliupita, shule zilichaguliwa nyingi kutoka sehemu ambazo maambukizi yalikua juu, kwa iyo huwezi kuchukua ile 1.24 ukazidisha na wanafunzi wa nchi nzima ukasema umepata jibu. Na pia waliokua na dalili walikua kwao wamejitenga, hawakuhesabiwa. Kilichonishangaza mimi ni kwamba walimu na wanafunzi walikua karibu sawa, na wote walikaribiana na hali ya mtaani kwa wakati ule. Wale waliokua wanapiga kelele shule ndo kiwanda cha corona hawakupata walichotaka, na wale waliokua wanasema shuleni hakuna kitu nao hawakupata.

Kuhusu vijiti: cha puani kinaenda maabara kinapimwa PCR, kile kinatafuta kirusi chenyewe, vinasaba vya KIRUSI sio vya mwanao. Mate yanatafuta kingamwili, kwamba aliwahi kuugua huko nyuma au la. Walimu wanatobolewa kidole maana damu inaonyesha kingamwili vizuri zaidi kuliko mate, ila ukianza kutoboa watoto vidole wazazi nusu watakataa hapo hapo. Mate ni dhaifu kwa kumjua mtoto mmoja mmoja, kwa kundi yanatosha. Kwenye fomu tafuta sehemu inayosema sampuli zitatunzwaje, isome mwenyewe usisomewe, na kumbuka ni hiari, hata ukisaini leo unaweza kumtoa mwezi ujao na hawakuulizi kwa nini.

mama_wa_wawili – 10 Machi 2021

Ahsante sana dada nesi umenifungua. Sasa hilo la siku 10??

msaidizi_wa_darasa – 11 Machi 2021

Niingie hapo maana mimi ndo nasimamia hayo mambo, ni msaidizi wa darasa sekondari moja huku kaskazini na wiki hii yote sijaingia darasani, nipo ukumbi wa michezo. Meza zimepangwa mistari, kila meza kioo cha plastiki na kijioo kidogo cha kujitazamia, mtoto anavua barakoa anapenga kamasi anaingiza kijiti kooni kwanza, hapo ndo vituko, mmoja kati ya wachache lazima aanze kutaka kutapika na darasa zima linacheka, alafu kijiti hicho hicho puani. Sisi tunakikoroga kwenye kichupa, matone yanadondoshwa kwenye kile kidude cha plastiki, unasubiri nusu saa. Mstari mmoja kwenye C rudi darasani, mistari miwili C na T kachukue begi lako mama anakuja.

Sasa sikiliza hii maana wengi hawaijui. Mtoto akikutwa nayo kwa kipimo cha haraka PALE SHULENI, sheria ya sasa hivi ni kwamba anajitenga na nyumba nzima mnajitenga, na hata ukienda kumpima PCR ikasema hana, haimtoi. Akijipima NYUMBANI akaonekana nayo, unatakiwa umpeleke PCR, na PCR ikisema hana mnatoka wote. Yani kipimo kile kile, boksi lile lile, tofauti ni ukumbi tu. Mpwa wangu yamemkuta jana kwenye shule yake, hana hata mafua, dada yangu kampeleka PCR imetoka safi na bado wamefungiwa wote watano. Dada yangu amepiga simu mpaka koo limekauka, kila anayepokea anamsomea karatasi ile ile.

Kwenye utafiti ni PCR moja kwa moja, kwa iyo huko kusingiziwa ni kugumu zaidi, akikutwa ujue kweli anayo. Ila akikutwa ni kujitenga vile vile, nisikudanganye.

Hela sasa. Wewe nyumba ya wazee mkataba wako ukoje? Kama ni wa masaa yasiyo na uhakika najua maumivu yako, malipo ya ugonjwa ya serikali ni pauni 95.85 kwa wiki, huwezi hata kulipa chumba. LAKINI kuna ile pauni 500 ya watu wa kipato cha chini walioambiwa wajitenge na hawawezi kufanyia kazi nyumbani, inaombwa halmashauri. Na kuanzia hii tarehe 8 wameongeza wazazi wanaokosa kazi kwa sababu mtoto ndo kaambiwa ajitenge na shule. Omba mapema, tunza ujumbe wa shule, watakuomba ushahidi.

binti_mvita – 11 Machi 2021

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mwalalamika mwapimwa sana, sie huku twalilia kupimwa 😅

Yakumbukeni ya mwaka jana. Shule zilifunguliwa 12 Oktoba kwa wale wa mitihani tu, darasa la nne, la nane na kidato cha nne. Mwezi haujesha skuli za Tononoka na Star of the Sea zimefungwa, walimu kadhaa wamekutwa nayo, na mwezi wa Novemba mwalimu mkuu wa Tononoka akafariki. Mji mzima ulishtuka. Na ule ugonjwa ulijulikana kwa kuwa walimu WALIUGUA, si kwa kuwa kuna mtu alikuwa akihesabu. Langoni kulikuwa na nini? Ndoo ya maji, sabuni, na askari na ile bunduki ya joto. Mimi nafunza kidato cha pili, shuleni kwetu hiyo bunduki saa nne asubuhi jua la huku likishashika humwambia kila mtu ana homa, saa kumi na mbili asubuhi kila mtu mzima. Na yule asiye na dalili hapati homa, basi bunduki yaona nini?

Na skuli za bweni ndo usiseme, mwalimu mkuu akishuku hunyamaza, maana akisema watafunga na wazazi watamvamia ofisini kuulizia karo. Simlaumu sana.

Mnajua kitu chengine? Kenya wachangiaji wakubwa wa damu ni wanafunzi wa sekondari. Shule zilipofungwa Machi 2020 benki za damu zikakauka. Wale watafiti wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome pale Kilifi walichukua damu za wachangiaji wakatafuta kingamwili, ikatoka kwamba kufikia kati ya mwaka jana kiasi cha mtu mmoja kati ya ishirini ashaupata, ilhali hesabu ya wizara ilikuwa ni elfu chache tu. Hapo ndipo mtu alipojua ukubwa wake, na haikuwa kwa kupima wagonjwa. Mimi ningeletewa hiyo fomu yako ningesaini jana.

kaka_wa_kariakoo – 11 Machi 2021

Haya hoja nimeipokea ya damu. Ila bado sijaelewa, kama watoto hawaumwi sana mnawahesabu wa nini? Si mngehesabu wazee.

nesi_wa_zamu – 11 Machi 2021

Mtoto analala nyumba moja na nani? Huyo mama hapo juu anamuogesha bibi wa watu wa miaka tisini saa moja asubuhi baada ya kumuandalia mwanae chai. Ndo maana na wafanyakazi wanapimwa pia, sio walimu tu, mpaka wapishi na wa ofisi.

mama_wa_wawili – 12 Machi 2021

Nimesaini zote mbili. Baba mtu nimemsomea hiyo ya PCR na vinasaba vya kirusi akanyamaza, kwake kunyamaza ni ndio. Aliyenishinda ni kijana mwenyewe, amesema yeye ndo mwenye pua na hakuna aliyemuuliza. Hapo sikua na jibu 😂 Tumekubaliana ajipime na mimi, siku zangu na zake ziwe moja. Mate kakubali bila shida.

msaidizi_wa_darasa – 21 Julai 2021

Naurudisha huu uzi juu maana mambo yameharibika. Wiki iliyopita wanafunzi zaidi ya milioni moja England walikua nje ya shule kwa sababu za corona, na wenyewe corona iliyothibitishwa ni kama elfu 47 tu, waliobaki karibu wote wametengwa kwa vile walikaa karibu na mwenzao. Kwetu mwaka wa nane wote walikua nyumbani.

Na watoto wameshagundua mchezo. Wanadondoshea juisi ya machungwa au soda kwenye kile kipimo, mstari wa T unatoka, wanapiga picha wanatuma, siku kumi likizo. Mmoja alileta kabisa kidude chake shuleni kinanukia chungwa 🤦🏾‍♀️ Dada nesi hii inatokeaje?

nesi_wa_zamu – 21 Julai 2021

Ni asidi. Pale kwenye mstari kuna kingamwili zimegandishwa, zinafanya kazi vizuri kwenye kile kimiminika cha kwenye boksi tu. Ukimwaga limau au cola zinaharibika zinashikana ovyo na rangi inatokea, kirusi hakuna. Dawa yake rahisi, aliyeonekana nayo nyumbani aende PCR, pale chungwa halimsaidii kitu. Mzazi simama naye wakati anajipima, akikuomba juisi kwanza ujue.

mama_wa_wawili – 22 Julai 2021

Kumbe!! Huyu wangu mwezi wa sita alijitenga siku kumi na PCR alisema kashaenda na rafiki yake. Ngoja atoke kuoga.

msaidizi_wa_darasa – 22 Julai 2021

Mwambie kuanzia tarehe 16 Agosti walio chini ya miaka 18 hawajitengi tena kwa kukaa karibu na mtu, wanashauriwa kupima PCR tu. Biashara ya machungwa imefungwa.