Gazoni Lubumbashi: dawa kabla ya mvua, dawa ya mahindi, au mkono tu?

MwanaBelAir
Wandugu wa Lushi, jambo. Mvua za Novemba zikishika tu, gazoni (nyasi fupi za uwanja) ya lupango langu, yaani kiwanja cha nyumba, inageuka pori la magugu, kishona nguo mbele. Muuzaji ananipa dawa mbili za magugu: pendimethalini ya kupuliza mapema, ao atrazini ileile ya mahindi, ya bei nafuu. Jirani ananicheka: lipa kijana ang'oe. Nifuate nani, na lini?

FundiKampemba
Anza na "lini", hapo ndipo hela zinapotea. Pendimethalini haiui jani lililokwisha kuota. Inakamata mbegu inapochipua, mzizi wa kwanza unashindwa kukua. Video za Marekani zinasema pima joto la udongo, karibu nyuzi 13. Huku kwetu kipimo hicho hakina kazi, Oktoba udongo umeshapata moto zamani. Mbegu zinangoja maji. Kwa hiyo weka mwisho wa Oktoba, kabla mvua hazijashika. Usiiache juu ya udongo mkavu, jua linaila. Ukishapuliza, mwagilia mapema, milimita 12 hivi: weka makopo matupu kwenye gazoni, maji yakikaribia upana wa kidole, funga robine (bomba).

MamaBustani
Na sisi ambao robine inatoa hewa tu?

FundiKampemba
Mama, ngoja siku mawingu yanapokusanyika, upulize asubuhi. Ila kama ni mvua ya kubomoa, acha: dawa yote itaishia kwenye mtaro.

YayaKasapa
Atrazini usiiguse, mdogo wangu. Bei yake inavutia, lakini inashuka na maji chini, na malupango mengi hapa yana visima. Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mwaka 2004 kwa sababu hiyohiyo ya maji ya chini ya ardhi. Tena inaweza kuunguza gazoni yenyewe, kutegemea aina ya majani uliyopanda.
Jirani naye hajakosea kabisa. Kishona nguo king'olewe kabla hakijatoa mbegu, mkono unatosha. Ndago ndio kichwa ngumu: inaota kutoka viazi vyake vidogo chini, si mbegu tu. Pendimethalini haiiwezi, na ukivuta majani, viazi vinabaki. Chimba.

MamaBustani
Gazoni yangu nimeipanda kwa vipande mwezi uliopita. Naweza kupuliza?

YayaKasapa
Hapana, mama! Dawa inayozuia mizizi ya magugu itazuia na ya vipande vyako. Acha vishike chini, uikate mara kadhaa kwanza. Ukipata oksadiazoni, dawa nyingine ya kupuliza mapema, hiyo haisumbui sana mizizi, ila soma etiketi.

FundiKampemba
Nayo etiketi ndiyo inayotoa kipimo, si muuzaji. Bidhaa zikitoka upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi zimeandikwa Kiingereza. Tafuta mtu akusomee. Dawa inachoka baada ya miezi michache, nazo mvua zinaendelea hadi Machi, kwa hiyo angalia kama etiketi inaruhusu kurudia Januari. Na usiinyoe gazoni hadi udongo uonekane. Mimi naacha sentimita 5, kivuli kinazuia mbegu nyingi bure.

MwanaBelAir
Kisima changu kiko palepale kando, basi atrazini nimeiacha. Nachukua pendimethalini, ndago nachimba. Mbwa je?

FundiKampemba
Mfungie mpaka pakauke. Usipulizie karibu na kisima, wala saruji ya baraza, inaacha madoa ya njano. Na kama una bwawa la samaki kaa mbali nalo, ni sumu kwao.