Tupeane uzoefu: serikali inaingia wapi kwenye ndoa, kuanzia bomani hadi barazani

Wakuu, wengi hapa Dodoma tunaikumbuka serikali ndoa ikishavunjika, kumbe Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza kazi kabla ya harusi. Mnaoijua njia hii, anzeni na wilaya yenu, kisha wekeni hatua na pale watu wanapokwama.

Chamwino: Ndoa ya bomani inaanzia kwa msajili wa wilaya, ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Taarifa ya kusudio mnaipeleka siku zisizopungua 21 kabla, inatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya kufunga, mashahidi wawili. Watu wanalipia ukumbi kwanza, kisha wanagundua siku hazitoshi. Leseni maalum ya kufunga ndoa bila kungoja siku hizo ipo, ila inataka sababu ya maana. Na mkiulizwa ndoa ni ya mke mmoja au wake wengi, msijibu kwa haraka. Jibu hilo mtaishi nalo.

Bahi: Niongezee ya kimila. Ng'ombe wakishatoka na wazee wakaridhiana, watu huona yamekwisha. Kama msajili hakuwepo, wanandoa wenyewe wana siku 30 za kuomba usajili. Kutosajili hakubatilishi ndoa, wala mahari iliyobaki haiibatilishi. Tabu inakuja kwenye mirathi na mafao: mjane anadaiwa cheti hana, anaanza kuwatafuta wazee walioshuhudia, na baadhi wameshatangulia mbele ya haki.

Mpwapwa: Ile "mkikaa miezi sita ni ndoa" haimo kwenye sheria. Kifungu cha 160 kinasema miaka 2 au zaidi, na majirani wawe wanawatambua kama mke na mume. Hata hapo ni dhana tu kwamba mmeoana, inaweza kupingwa mahakamani. Ikipingwa ikaanguka, mama bado ana haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto. Hili akina mama wengi hawaambiwi, na inauma.

Kondoa: Kwenye talaka ndiko watu wanapoumia zaidi. Kabla ya mahakama kuna Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini lililotambuliwa. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, Fomu Namba 3, na shauri lifunguliwe ndani ya miezi 6 tangu itolewe. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haitoshi. Hati isiyosema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana nayo ni tatizo. Shauri likitupwa kwa sababu hiyo, talaka haijakataliwa. Unarudi barazani, unaanza upya. Baraza linaweza kurukwa kwa sababu chache: mwenza ametoroka na hajulikani alipo, au amefungwa miaka 5 na kuendelea. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Ndugu zangu Waislamu, talaka ya mdomo peke yake haiimalizi ndoa mbele ya sheria hadi mahakama itamke.

Chamwino: Ndugu wa Kondoa, hapo ongeza mgawanyo wa mali. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani inazihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa.

Kondoa: Kweli kabisa. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata hati ya nyumba ikiwa na jina la mmoja. Ukisikia dalali anapita, wahi kuomba zuio kwa msajili wa hati za ardhi kabla mnunuzi hajalipa.