Kwa nini soko la daladala za 502 na 505 za Unguja halijirekebishi lenyewe, na ruzuku iingie wapi?

MkaaziWaMtoni

Assalaam alaykum wanajukwaa. Asubuhi daladala za njia ya 502, za Bububu kwenda mjini, zinaondoka Bububu zimeshajaa, kwa hivyo wanaosubiri Mtoni na Maruhubi wanapitwa tu. Njia ya 505 kutoka uwanja wa ndege nayo ni hivyo hivyo. Jioni baada ya Isha, gari zinaadimika. Na wakati huo huo Darajani, katikati ya mji, hakupitiki kwa foleni. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 imehesabu 893,169. Laki tatu wameongezeka, na wengi wao wanaelekea kwenye ncha ile ile ya mji.

Wanaotetea soko wanasema palipo na abiria pana pesa, gari zitakuja zenyewe. Mbona haziji pale zinapotakiwa? Na Serikali ikitaka kuchangia, iweke fedha wapi: kwenye mafuta, kwenye kununua mabasi, au kwenye nauli? Naomba hesabu.

Hesabu_za_Njia

Wa alaykumu s-salaam ndugu yangu. Soko halijirekebishi kwa sababu muda wa abiria hauna bei. Dereva anauza kiti. Aliyesubiri dakika mbili na aliyesubiri dakika ishirini wanalipa nauli moja. Juu yake kuna mkataba wa hesabu: kila siku tajiri (mwenye gari) anapelekewa kiwango maalumu, mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva na utingo, kinachobaki ndio chao. Kwa mkataba huo gari kuondoka nusu tupu ni hasara yao, na gari kusubiri ijae ni hasara ya abiria, ambayo wao haiwagusi. Mtu wa Mtoni anapitwa kwa sababu hiyo. Huu si ulafi. Mtoe dereva huyu umlete mwengine, mkataba ukibaki ule ule atafanya yale yale.

Sasa tazama njia yenye gari 12 kwa saa zilizoachana sawa. Inapita moja kila dakika 5, na anayefika kituoni bila kupanga husubiri wastani wa nusu ya hapo, yaani dakika 2 na nusu. Zikiwa 15, pengo ni dakika 4 na wastani wa kusubiri ni dakika 2. Kama kila saa wanapanda watu 600, kila mmoja ameokoa nusu dakika: jumla dakika 300, saa tano za watu ndani ya saa moja. Tajiri aliyeleta zile gari tatu anapata nauli za waliopanda gari zake tu. Saa tano zile hazimlipi hata senti, kwa hivyo ataleta gari chache kuliko zinazohitajika, hasa usiku. Mchumi wa Marekani Herbert Mohring alilionesha jambo hili mwaka 1972, na mpaka leo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kutoa ruzuku kwa mabasi.

Lakini kuongeza gari bila ratiba hakusaidii. Gari iliyochelewa kidogo inakuta watu wengi kituoni, inachelewa zaidi kuwapakia, na ya nyuma yake inakuta kituo kitupu na kuifikia. Gari 12 zikitembea tatu tatu pamoja, kwa abiria ni sawa na kupita mara nne kwa saa: kusubiri kunapanda hadi wastani wa dakika 7 na nusu, kwa gari zile zile na mafuta yale yale. Uingereza ilifungua soko la mabasi nje ya London mwaka 1986. Kilomita za mabasi ziliongezeka, abiria katika miji mikubwa wakapungua. London yenyewe iliachwa nje ya utaratibu huo. Njia zake zikaendelea kupangwa na mamlaka, na kampuni zikashindania mikataba ya kuziendesha.

Kuhusu foleni, chukua makutano yanayopitisha gari 900 kwa saa upande mmoja, yaani moja kila sekunde 4. Gari inayoingia foleni ikianza, na foleni ikadumu saa nzima, inamchelewesha kila aliye nyuma yake kwa sekunde 4. Mara 900, hiyo ni saa moja kamili ya muda wa wengine. Mwenye gari binafsi aliye peke yake amesababisha dakika 60. Daladala yenye watu 18, hata tukiihesabu sawa na gari ndogo, imesababisha dakika 3 na kidogo kwa kila mtu aliyemo. Wote wawili wanatumia barabara bure. Basi tusishangae watu wakinunua gari.

Rula_na_Ramani

Nakubaliana na mwenzangu, ila fedha zisianzie kwenye mabasi. Zianzie kwenye mwendo.

Idadi ya gari zinazohitajika ni muda wa mzunguko (kwenda na kurudi) ukigawa kwa pengo la dakika kati ya gari na gari. Njia ya kilomita 10, kwenda na kurudi 20. Mzunguko ukiwa dakika 60 na unataka gari kila dakika 5, unahitaji gari 12. Foleni ikiufikisha dakika 90, unahitaji 18 kwa huduma ile ile. Tuziwekee bei za mfano: kosta moja ina gharama zisizobadilika za shilingi 250,000 kwa siku (dereva, utingo, bima, uchakavu, mkopo), na shilingi 900 kwa kila kilomita (mafuta, mipira, oili). Nauli 600, wastani wa abiria 25 kwa safari, siku ya saa 12.

Kwa mzunguko wa dakika 90, gari inafanya mizunguko 8, kilomita 160. Gharama ni 394,000, mapato 240,000, upungufu 154,000. Mara gari 18, ruzuku ni 2,772,000 kwa siku.

Kwa dakika 60, gari inafanya mizunguko 12, kilomita 240. Gharama ni 466,000, mapato 360,000, upungufu 106,000. Mara gari 12, ni 1,272,000.

Mizunguko ni 144 pande zote mbili za hesabu, abiria ni 7,200 vile vile, na ruzuku imepungua zaidi ya nusu. Kilichobadilika ni foleni tu. Badilisha bei uzijuazo wewe, mwelekeo hautageuka.

Watu watasema barabara zetu nyembamba, njia ya mabasi peke yake, ya kuyaepusha na foleni, itapita wapi? Si lazima iwe ya urefu wote. Inatakiwa pale foleni inapofungana: mita 60 hadi 100 kabla ya makutano, upana wa mita 3.25, upande wa kuingia mjini tu na saa za asubuhi tu. Gari 20 zilizoegeshwa kandoni zinakula kama mita 120, kwa hivyo mara nyingi nafasi ipo, imegeuzwa maegesho. Kinachoharibu ni kituo kuwekwa kabla tu ya taa au mzunguko wa barabara (kipilefti): gari inayopakia inaziba kila kitu nyuma yake. Kisogezwe mita 30 au 40 baada ya makutano, na kiwe na urefu wa gari tatu, si moja.

Tozo ya kuingia katikati ya mji inakuja mwisho. Stockholm walianza kuongeza mabasi Agosti 2005, tozo ikafuata Januari 2006, na magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa kama asilimia 20. Ukitoza kabla mtu hajapata gari ya kupanda, umemwadhibu tu. Kwetu inatosha kwanza kutoza maegesho ya Darajani na Malindi kwa saa.

Mshika_Daftari

Naomba niwe mgumu kidogo. Serikali kununua mabasi na kuyaendesha yenyewe sikubali, na ruzuku ya mafuta ndiyo mbaya zaidi, maana lita haijui imeingia kwenye daladala au kwenye gari la mtu binafsi. Ilipwe kilomita ambayo gari imekimbia kwa ratiba. Nauli ziingie kwenye mfuko, mwendeshaji alipwe kwa kilomita. Hapo ndipo hesabu ya kila siku inapokufa na dereva anapata mshahara.

Ila mkataba huo una maradhi yake. La kwanza, dereva asiyetegemea nauli anaweza kupita kituo bila kusimama. La pili, utingo anakusanya bila kukata tiketi. La tatu, gari zinakimbia tupu ili kilomita zijae. Kwa hivyo lipa safari iliyoondoka si zaidi ya dakika 1 kabla ya wakati wala dakika 5 baada yake, kifaa cha kufuatilia gari kioneshe imesimama vituo vyote, na kata malipo kwa kila safari iliyokosekana. Wakaguzi wapande bila kutangaza. Bei ya kilomita ifungwe na bei ya dizeli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayosimamia bei za mafuta, isiwe kila mafuta yakipanda mkataba unavunjika.

Kinachoua mipango hii kuliko vyote ni malipo kuchelewa. Mwendeshaji ananunua mafuta kila siku. Ukimlipa baada ya miezi mitatu, gari zinapungua barabarani moja moja mpaka abiria wakimbie. Lazima kuwe na akaunti ya pekee yenye akiba ya angalau miezi mitatu, na malipo kila wiki.

Dar es Salaam ni funzo la karibu. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 kwenye njia za jumla ya kama kilomita 21, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo. Njia ilijengwa vizuri, lakini mabasi yakawa machache kwa abiria waliokuwepo, na karakana ikawekwa Jangwani, bonde la mto Msimbazi, ikafurikwa na maji. Sisi tunajua Mwanakwerekwe ilivyokuwa ikituama maji kila masika. Karakana isiwekwe bondeni.

Bi_Chake

Hapa Pemba msituletee dawa ya Darajani. Chake kwenda Wete kwa 606, Konde kwa 602, Mkoani kwa 603: tatizo letu si foleni, ni abiria wachache waliotawanyika. Gari inasubiri ijae kwa sababu ikiondoka na watu sita hairudishi mafuta. Kwetu kinachofaa ni zabuni ya ruzuku ndogo kuliko zote. Serikali iseme: natoa njia hii, safari ya kwanza saa 12 asubuhi, ya mwisho saa 2 usiku, moja kila dakika 30, na moja ingoje boti inapofika Mkoani. Anayeomba kiasi kidogo zaidi apewe miaka mitatu. Barabara ya mabasi hatuihitaji.

MkaaziWaMtoni

Shukurani nyingi, dada Bi_Chake na ndugu zangu wote. Hamjagusa wanafunzi. Wanalipa nauli ndogo na kila asubuhi wanaachwa vituoni.

Hesabu_za_Njia

Hilo nalo ni la mkataba. Punguzo limeamriwa, anayelilipa ni dereva. Mwanafunzi akilipa 300 pahala pa 600, kila kiti anachokaa kinapunguza 300 kwenye kinachobaki baada ya hesabu. Utingo atasema gari imejaa hata kama haijajaa. Faini haitamaliza, kwa sababu atakamatwa mara moja na ataokoa 300 mara mia. Chini ya malipo ya kilomita tatizo linaondoka lenyewe, kwani nani amekaa hakubadilishi mshahara wake.

Kabla ya hapo kuna njia ya mpito: skuli iwape wanafunzi tiketi za karatasi zenye namba, utingo azikusanye, na 300 iliyobaki ilipwe kila Ijumaa pale stendi Kijangwani kwa kuhesabu vipande. Namba zibadilishwe rangi kila mwezi ili zisiuzwe tena. Nashauri majaribio yaanze kwenye 502 peke yake, kwa muhula mmoja, na kabla ya siku ya kwanza wawekwe watu wawili wenye saa pale Mtoni kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kwa siku tano, waandike kila gari imepita saa ngapi, imesimama au haikusimama, na wameachwa wangapi.